Saa Isemayo: Sarufi ya Tangazo la Simu Lililorekodiwa

Matini tunazozichambua katika kurasa kama hizi aghalabu huwa ni tenzi, riwaya, au mazungumzo yaliyonaswa uwandani. Katika makala haya nakusudia kuchunguza matini ya namna nyingine kabisa, ambayo haikuchapishwa kitabuni wala haikutungwa na mtu mwenye jina: sentensi iliyokuwa ikisemwa na mtambo wa simu kumweleza mpigaji kwamba saa ni ngapi. Sentensi hiyo ni fupi, na kwa mtazamo wa kwanza haina cha kumshughulisha mwanaisimu. Lakini iliundwa kwa vipande vilivyorekodiwa mbalimbali na kuunganishwa na mashine, na palipo na kiungo hapakosi swali la sarufi. Swali hilo sasa limetufikia sisi wasemaji wa Kiswahili, na yafaa tulijue tangu lilipoanzia.

Mwaka 2015 nilikuwa London nikisomea shahada ya uzamili. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane mwenye umri wa miaka 65 hivi. Jikoni mwake mlikuwa na saa tatu: ya ukutani, ya jiko la umeme, na ya redio. Hata hivyo, kila usiku kabla ya kupanda kulala aliinua mkonga wa simu ya mezani, akabonyeza 123, akasikiliza kwa muda usiozidi wa kusoma Alhamdu, kisha akaurudisha mahali pake. Siku moja nilimuuliza iwapo hakuziamini saa zake. Akacheka, akasema anaziamini sana. Ila simu huipiga apate kusikia mtu akimwambia jambo la kweli kabla hajazima taa. Huyo “mtu” alimwita Tim, japokuwa sauti iliyokuwamo simuni wakati huo ilikuwa ya mwanamke.

Nami nikaanza kupiga. Sina budi kukiri kwamba sikuhitaji kuijua saa; nilivutwa na viungo. Sikio lililozoea kusikiliza mahojiano ya uwandani neno kwa neno hutambua upesi kwamba “arobaini na tano” ya sasa hivi ndiyo ile ile ya saa iliyopita, kwa pumzi ile ile na kiimbo kile kile. Kila baada ya sekunde kumi sentensi mpya ilizaliwa, na hakuna hata moja iliyokuwa imewahi kusemwa nzima na mwanadamu.

Historia ya huduma hii nitaipitia kwa haraka. Mjini Paris watu walikuwa na desturi ya kupiga simu katika kituo cha kuchunguzia nyota ili waulize saa, hata laini ya kituo ikawa haishikiki kwa shughuli nyingine. Mkurugenzi wake, Ernest Esclangon, akabuni mtambo wa kujibu badala ya wafanyakazi wake, nao ukaanza kazi tarehe 14 Februari 1933 kwa sauti ya mtangazaji wa redio Marcel Laporte. Siku hiyo ya kwanza zilipigwa simu zipatazo 140,000, na ni kiasi cha 20,000 tu zilizopata laini. Mtambo wa Paris ulinyamazishwa tarehe 1 Julai 2022, baada ya miaka 89.

Uingereza ilifuata tarehe 24 Julai 1936. Sauti ilitafutwa kwa mashindano miongoni mwa maopereta wa simu, na jambo la kutufurahisha sisi watu wa fasihi ni kwamba mmoja wa waamuzi alikuwa John Masefield, malenga wa taifa wa wakati huo. Alishinda opereta wa London aitwaye Ethel Cain, akapata zawadi ya gini kumi. Katika mwaka wa kwanza huduma ilipokea simu karibu milioni 13. Mwanzoni ilipatikana London peke yake, na haikuenea nchini hadi mwaka 1942. Katika miji mikubwa mpigaji alizungusha herufi T, I na M, maana vibao vya simu za huko vilikuwa na herufi pamoja na tarakimu. Ndipo likatoka lile jina Tim. (Msomaji ataniwia radhi nikitaja sadfa hii: Kiswahili nacho kina kitenzi *kutimu*, na mwalimu wangu wa msingi hakusema “sasa ni saa nne” bali “saa nne imetimu”. Maneno haya mawili hayana udugu wowote, lakini yameketi pamoja kama walioalikwa.)

Baada ya Ethel Cain, mwaka 1963 alikuja Pat Simmons, naye opereta. Mwaka 1985 Brian Cobby, mwanamume wa kwanza. Mwaka 2007 Sara Mendes da Costa, ambaye ndiye niliyemsikia mimi. Na Novemba 2016 Alan Steadman. Sauti ya Cain ilichorwa kwa mwanga juu ya sahani nne za kioo zilizozungushwa na mota, ya Simmons iliwekwa juu ya ngoma ya sumaku, na kuanzia Cobby hapakuwa tena na kitu kizungukacho, kwa kuwa sauti ilihifadhiwa kwa tarakimu.

Tuingie sasa katika sarufi yenyewe. Kwa tafsiri, sentensi ya Kiingereza ilikuwa hivi: “Katika mlio wa tatu, itakuwa saa fulani, na dakika fulani, na sekunde fulani”, kisha ikasikika milio mitatu. Mtambo wahitaji kipande kimoja cha utangulizi; vipande 12 vya saa; vipande 60 vya dakika, yaani 59 pamoja na kile kisemwacho saa inapotimu pasipo dakika; na vipande sita vya sekunde, yaani kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, na “kamili”. Jumla yake ni 79. Zidisha 12 kwa 60 kwa sita, utapata sentensi 4,320 tofauti, zinazotosha mzunguko mzima wa saa 12. Tunapowafundisha wanafunzi kwamba lugha huzalisha sentensi nyingi kwa vipashio vichache, sijui mfano ulio wazi kuliko huu, na wenye uaminifu kuliko huu, kwa kuwa kila mojawapo ya sentensi hizo ilikuwa kweli kwa muda wa mlio mmoja, kisha ikawa uongo.

Tazama pia njeo yake. Tangazo halisemi saa ni ngapi. Lasema itakuwa ngapi. Maneno yanatangulia na tukio linafuata, na kile kinachoonyesha wakati hasa si neno bali ni mlio. Kwa istilahi zetu tungesema kwamba mlio ule ni kionyeshi kisicho na umbo la kileksia, kama kidole kinachoelekezwa kwenye kitu. Wafaransa waliweka milio minne na kuitegemea ile ya mwisho. Waingereza waliridhika na mitatu.

Kwa nini mbinu hii ilifaulu kwa wepisi hivyo katika Kiingereza? Kwa sababu katika lugha hiyo neno la hesabu halibadiliki. “Mbili” ya Kiingereza ni moja tu, iwe yahesabu saa, watoto au miezi. Aliyerekodi tarakimu mara moja alikuwa amerekodi tarakimu za kuhesabia ulimwengu wote. Kifaransa kilikuwa na hatari kidogo, kwa kuwa neno lake la “moja” hufuata jinsia ya nomino. Lakini saa, dakika na sekunde zote ni za jinsia ya kike katika lugha hiyo, kwa hiyo hatari ikapita bila kuonekana.

Kabla sijafika kwenye Kiswahili, niseme kidogo kuhusu jamaa za saa hii, kwa maana yule bibi hakuwa akikumbuka Tim peke yake. Kuanzia mwaka 1956 Waingereza waliweza kupiga simu na kusikia utabiri wa hali ya hewa. Palikuwa na matokeo ya mchezo wa kriketi, na maelezo ya mapishi, na hadithi za kuwalaza watoto. Mwaka 1966 mjini Leeds ilianzishwa huduma ya kusikiliza sahani ya muziki kwa simu. Bibi alikuwa msichana huko wakati huo, na alinieleza jinsi yeye na dada yake walivyosimama ndani ya kibanda chekundu cha simu wakiwa wameubana mkonga katikati ya vichwa vyao, kila mmoja kwa sikio lake, na sarafu ikienda. Nilipomuuliza ni nyimbo gani, alikuwa amezisahau zote isipokuwa moja. Baridi ya kile kibanda hakuisahau. Marekani nako, mshairi John Giorno alianzisha mjini New York, mwishoni mwa miaka ya 1960, huduma ya mashairi kwa simu. Mpigaji hakuweza kuchagua shairi. Alilipokea lile alilokutana nalo. Mwaka 1970 simu hizo ziliwekwa katika maonyesho ya jumba la sanaa za kisasa la mji huo. Nimewahi kuwauliza wenzangu wanaofundisha ushairi wetu simulizi kwa nini sisi, wenye malenga wengi kuliko laini za simu, hatukujaribu jambo kama hilo. Jibu limo ndani ya swali: laini.

Kwa hakika wengi wetu nchini Kenya hatukukua na simu ya nyumbani. Saa tuliipata redioni au kwa mwadhini, na simu ilipotufikia ilikuja tayari ikiwa ya mkononi. Kwa hiyo sauti iliyorekodiwa tuliyoijua sana haikuwa ya kutuambia kwamba jambo fulani limetimu, bali kwamba mtu hayupo: “Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.” Sentensi hiyo ni safi kisarufi. Kirejeshi *-yo-* kimeishika nambari barabara, na *hapatikani* imembeba mteja bila kumtaja tena. Yaweza kuwa safi kwa sababu ilirekodiwa nzima. Haina kiungo. Mwingereza alipiga simu usiku akakuta mtu asiyekosekana. Sisi tulipiga tukafahamishwa kutokuwapo, kwa adabu na kwa upatanisho kamili.

Shida huanza pale tangazo la Kiswahili linapopaswa kutaja idadi. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mkopo katika taasisi moja, ambayo huwapigia wadaiwa wake kwa sauti ya mashine. Sauti iliniambia: “Umebakisha miezi,” ikanyamaza kidogo, kisha ikasema “tatu.” Nilimsikilizisha mwenzangu wa ofisini, naye akasema kwamba hapo hapana cha ajabu, kwani nje ya lango letu kila mtu husema “miezi tatu”. Ni kweli, wala sitaki kuingia hapa katika mjadala wa Kiswahili cha bara na cha pwani. Lakini msemaji wa Nairobi asemaye “miezi tatu” anafuata kanuni ya lahaja yake, ambayo ana haki nayo. Mashine haikufuata kanuni yoyote. Iliambiwa na mtu kwamba tarakimu ni kumi, zirekodiwe kumi, na ikatii. Mtu huyo alikuwa akifikiri kwa Kiingereza, hata kama hakusema neno moja la lugha hiyo siku nzima.

Na kosa lenyewe halionekani mapema. Chukua vitu ambavyo matangazo ya simu huvihesabu mara nyingi: shilingi, dakika, siku, saa, wiki. Vyote vimo katika ngeli ya I-ZI, ambamo nambari haichukui kiambishi cha kuonekana: shilingi mbili, dakika tatu, siku nne. Anayeunda mfumo huujaribu kwa shilingi na dakika, akaona kwamba umefaulu, akaenda zake. Ni bahati ile ile iliyowasitiri Wafaransa. Siku mfumo utakapotakiwa kutaja miezi mitatu, au watu watano, au vituo viwili, au mabao manne, ndipo vipande vinapokataa kushikana.

Hesabu ya tiba yake si kubwa. Nambari zinazopatanishwa ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa nambari kuanzia mbili, tuwe na maumbo matano katika wingi: *wawili, miwili, mawili, viwili, mbili*, na vivyo hivyo kwa tatu, nne, tano na nane, hivyo ni vipande 25. Kwa moja yatosha *mmoja, kimoja* na *moja*, tukiziacha ngeli za mahali. Ongeza nambari nne zisizobadilika, jumla ni 32 badala ya kumi. Vipande 22 vya ziada ni kazi ya studio isiyofika saa moja. Yasikitisha kwamba yule aliyerekodi “tatu” alikuwa tayari ameketi mbele ya maikrofoni, na hapakuwa na mtu wa kumwambia aseme pia “mitatu”.

Ili nisibaki na malalamiko matupu, nilikaa na darasa langu la mofolojia tukajaribu kuiunda upya saa ya simu kwa Kiswahili. Tulitarajia mteremko, kwa kuwa saa, dakika na sekunde zote ni za I-ZI. Hata hivyo tulijikwaa mara tatu.

Kwanza, utangulizi. Mwanafunzi mmoja alipendekeza “mlio wa tatu ukilia”. Mwingine akapinga kwamba *-ki-* hubeba sharti, kana kwamba mlio huenda usilie. Saa haina shaka na nafsi yake. Tukachagua “mlio wa tatu utakapolia”. Pili, ile nafasi ya saa isiyo na dakika. Kiswahili hakihitaji neno hapo. Twasema “saa nne na sekunde kumi” na inatosha, hivyo vipande vikapungua kutoka 79 hadi 78. Baadhi yao walitaka pia “na robo”, “u nusu” na “kasorobo”, kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo. Mbili za kwanza zakubalika. Kasorobo ilitushinda, kwa sababu inadai saa ijayo itajwe ilhali ile iliyopo haijakwisha: katika “saa tano kasorobo”, mtambo ungali katika saa nne. Muundaji wa sahani za kioo angelazimika kuisogeza sahani ya saa mbele robo moja kabla ya wakati wake.

Kuhusu hesabu yetu ya saa kuanzia alfajiri na magharibi, hapakuwa na ugomvi. Ni kuzungusha sahani nafasi sita tu. Nilipokuwa London hesabu hiyo ilinipa taabu mimi zaidi kuliko mashine. Nilizoea kwamba saa kumi na mbili jioni jua linazama, na mwezi Desemba huko nilikuta giza limeshaingia saa kumi, na mwezi Juni saa mbili usiku jua bado liko angani. Bibi mwenye nyumba aliniuliza kwa nini saa yangu ya mkono ilikuwa nyuma ya zake kwa saa sita. Nilimweleza. Akafikiri, akasema huko kwetu Tim angekuwa na kazi nyepesi, kwa vile hata jua lingemsaidia.

Kikwazo cha tatu ndicho hatukukitazamia. Mwanafunzi mwenye sauti nzuri, msichana kutoka Lamu, alirekodi vipande vyote 78. Tulipoviunganisha, sentensi haikuenea katika sekunde kumi. Tukahesabu silabi. Kutaja saa nne na dakika 45 na sekunde 50, pamoja na utangulizi, Kiingereza chatumia silabi 16. Kiswahili chatumia kama 40. Ukitoa nafasi ya ile milio mitatu, msomaji abaki na sekunde saba hivi, na katika saa kumi na moja hali ni mbaya zaidi. Angeweza kuzikimbilia, lakini hapo asingekuwa mtu wa kusikilizwa na mjane kabla ya kulala. Mmoja akashauri tuyaondoe maneno “dakika” na “sekunde”. Wengine wakamkumbusha kwamba kuziondoa nomino ni kuziacha nambari bila bwana, na hiyo ndiyo hadithi ya miezi tatu ikirudi kwa mlango wa nyuma.

Mwishowe tuliivunja desturi ya Waingereza. Saa yetu husema kila baada ya sekunde 15 badala ya kumi, hivyo vipande vya sekunde ni vinne: kamili, kumi na tano, thelathini, na arobaini na tano. Jumla ya vipande imekuwa 76, na sentensi ni 2,880. Msichana wa Lamu aliirudia kazi yote alasiri moja, safari hii bila kuharakishwa. Katika zile sekunde zilizoongezeka, baada ya “utakapolia”, alipata nafasi ya kuvuta pumzi, nayo imo katika kinasa sauti. Ukisikiliza kwa makini utamsikia akiivuta, mara nne kila dakika.